Kadi ya Kliniki Niliyotaka Kuitupa

"Mama, mimba ya huyu ulikuwa na presha?"

Daktari aliuliza huku mkanda wa kipimo ukiwa bado umemzunguka mwanangu mkononi. Tulikuwa tumefuata karatasi tu. Timu ya mpira ya shule ilikuwa inasafiri, na mwalimu alitaka kila mchezaji apimwe afya. Kijana ana miaka 11, mwembamba kama fito, na kutwa yuko uwanjani. Kipimo kikasoma 124 kwa 80. Akapumzishwa robo saa, akapimwa upya, ikashuka kidogo tu. Mimi nikawa natabasamu, maana kwa mtu mzima namba hiyo wala haishtui. Kumbe presha ya mtoto husomwa kwenye jedwali lake, kwa umri, jinsia na urefu, na kwa mvulana wa miaka 11 ile ilikuwa juu.

Nikamjibu: "Ndiyo, lakini iliisha nilipojifungua."

Jibu hilo nimewapa watu miaka 11 yote, na nililiamini. Kama nawe huwa unalisema, makala hii ni yako.

Mimba ilikuwa na wiki 31 hivi miguu ilipoanza kujaa. Pete ya ndoa ikagoma kutoka. Mama mkwe akanituliza: "Mwanangu, huyo wa kiume, wa kiume hujaza maji." Siku ya kliniki mashine ya presha ilikuwa haina betri. Nesi akapima uzito, akasikiliza mapigo ya mtoto, akaruka safu ya presha kwenye kadi, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba foleni imekwenda haraka. Wiki mbili baadaye kichwa kiliniuma tangu alfajiri, nikaona vimulimuli mbele ya macho, na maumivu yakanibana chini ya mbavu za kulia. Nilifika hospitali nikiwa na 170 kwa 110 na protini tele kwenye mkojo. Ilikuwa pre-eklampsia, hatua ile ambayo ikiachwa degedege hufuata, ndiyo maana wengi tunaita yote kifafa cha mimba. Nikachomwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, joto likanipanda mwili mzima kama nimeingizwa kwenye tanuri, nikapelekwa chumba cha upasuaji. Kijana akatoka na kilo 1.6. Tukakaa naye kifuani, kwa mtindo wa kangaruu, mpaka alipoongezeka.

Baada ya wiki sita presha ikawa imeshuka. "Hongera mama." Basi. Kadi nikaitia kwenye mfuko wa rambo pamoja na cheti cha kuzaliwa, na mara mbili nilipohama nyumba nusura niitupe.

Daktari wa safari hii alinieleza kwa utulivu, na nilichoelewa ni hiki. Mimba ikianza vizuri, mishipa ya mama inayolisha kondo la nyuma hutanuka ili damu ipite kwa wingi. Kwenye presha ya aina yangu mara nyingi haitanuki inavyotakiwa. Kondo linabaki na njaa, linamwaga kemikali kwenye damu ya mama, na kemikali hizo zinaharibu utando wa ndani wa mishipa. Mtoto anakulia humo humo. Wengi huzaliwa wadogo au kabla ya wakati, na hapo figo huingia kwenye hadithi: vichujio vya figo hukamilika karibu wiki ya 36 ya ujauzito, na baada ya mtu kukua hatengenezi vipya. Anayezaliwa njiti mara nyingi huanza maisha na vichache, na figo ndizo zinazoshika usukani wa presha.

Nilirudi nyumbani nikasoma hadi usiku wa manane. Mwaka 2012 watafiti walikusanya tafiti 18 zenye watoto na vijana zaidi ya 45,000. Waliozaliwa na mama waliopata tatizo langu namba yao ya juu ya presha ilizidi ya wenzao kwa takriban 2.4, na namba ya chini kwa 1.35. Nikacheka. Mbili tu? Kisha nikasoma habari za Helsinki, Finland, ambako watu 6,410 waliozaliwa kati ya 1934 na 1944 walifuatiliwa hadi uzeeni. Waliotoka kwenye mimba za namna hiyo walipata kiharusi karibu mara mbili ya wenzao. Kicheko kikaisha. Tofauti ndogo ya utotoni inaonekana hutembea na mtu.

Lakini sitaki mama yeyote alale na hofu kwa sababu yangu. Wako watafiti wa Norway waliofanya jambo la busara: mwaka 2017 walitoa matokeo ya kulinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mimba yake ilikuwa na presha, mwingine haikuwa. Namba za ndugu hao zilikaribiana sana. Maana yake sehemu kubwa ya jambo hili ni damu ya ukoo na chungu cha nyumbani, si mimba peke yake. Mimi nililipokea hivi: usimpime aliyezaliwa njiti ukamwacha dada yake. Nami binti yangu wa pili nilimpeleka wiki hiyo hiyo.

Sasa, ningekuwa na mtu wa kuniambia mapema, ningependa aniambie nini?

Kwanza kabisa, ile kadi. Ipige picha leo, uihifadhi kwenye simu na kwa baba wa mtoto. Kila mtoto anapofunguliwa faili jipya, sema mwenyewe bila kusubiri kuulizwa: "Huyu mimba yake nilikuwa na presha, alizaliwa wiki ya 33, kilo 1.6." Sentensi moja. Nimemzungusha mwanangu kwa madaktari wa malaria, wa meno, wa ngozi, na sikuwahi kuitamka, kwa kuwa niliiona kama historia yangu, si yake.

Halafu omba apimwe. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2017 unataka kila mtoto apimwe presha mara moja kwa mwaka kuanzia miaka mitatu, na njiti mapema zaidi. Huku kwetu usipoomba, mara nyingi hapimwi. Na angalia mkanda! Wa mtu mzima kwenye mkono wa mtoto husoma chini ya ukweli. Mkanda mwembamba mno husoma juu ya ukweli. Mtoto akae dakika tano, miguu ikanyage chini, asiwe ametoka kukimbia wala kulia. Kipimo kimoja pia hakitoshi kumpa mtoto jina la mgonjwa. Mwanangu alirudishwa siku mbili nyingine, akawa anacheza kwenye 117 kwa 76. Figo zikapigwa picha, moyo ukapigwa eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, vyote vikawa salama. Hakupewa kidonge hata kimoja. Akaruhusiwa kucheza mpira, tena akaambiwa acheze zaidi.

Kilichobadilika ni jikoni, na hapo ndipo palipokuwa na vita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na mtoto chini ya hapo. Nilipopima yetu kwa siku moja niliona aibu. Chumvi kwenye wali, kwenye mchuzi, vile vipande vya viungo vya dukani ambavyo navyo ni chumvi tupu, kisha kikopo mezani. Kikopo nikakiondoa. Baba yao alinuna wiki nzima. Ndimu, tangawizi na pilipili vikafidia. Chipsi za jioni tulizipunguza hadi Jumamosi, na sikumpikia kijana chungu chake peke yake, maana mtoto akitengewa chakula hujiona mgonjwa.

La mwisho sikulitegemea. Daktari alipomaliza na mwanangu akanigeukia: "Na wewe mama, mara ya mwisho umepima lini?" Nikakusanya kumbukumbu, nikakosa. 152 kwa 96. Mwanamke aliyepata tatizo lile ana hatari karibu mara mbili ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi huko mbele, hata kama presha ilishuka baada ya leba. Sasa niko kwenye dawa. Na wewe uliye kwenye dawa na unawaza mimba nyingine, mwambie daktari kabla hujabeba: captopril, enalapril na losartan hazifai kwa mjamzito, na ziko za kubadilisha. Uliza pia kuhusu aspirini ya kiwango kidogo, ambayo kwa mwenye historia kama yangu huanzishwa mapema, kabla ya wiki ya 20. Usijinunulie duka la dawa, dada. Uliza.

Wiki iliyopita kijana alisoma 112 kwa 70. Nilikuwa nimeibeba kadi, sasa ina jalada la plastiki, naye akaichukua tukiwa kwenye foleni akaanza kuichambua ukurasa kwa ukurasa.

"Mama, hapa mbona hawakuandika kitu?"

Nikamwambia mashine ilikuwa haina betri.

"Si mngenunua?"