Unaanza kazi ya programu mwaka huu? Soma haya kwanza, kutoka Tanga

Wadogo zangu mnaomaliza chuo mwaka huu, hasa nyie wa sayansi ya kompyuta mnaojiuliza mkirudi nyumbani Tanga mtafanya nini, mimi nina mwaka sasa kazini kama injinia wa programu na niko hapahapa Ngamiani, wenzangu wengi wa timu wako Dar. Mtaulizana sana mjifunze lugha gani, Python au JavaScript au ipi, na kwa nilivyoona hilo ni jambo dogo. Kilichonifaa kuliko vyote ni kumjua mtu anayetumia kitu nilichoandika, na simu yake ilivyo, na mtandao wa kwao, na pesa yake inapita wapi. Kazi yenyewe iko hapo jamani.

Mfumo wetu unatumiwa na wenye maduka ya jumla pamoja na wakulima wa machungwa wa Muheza, mtu anaweka oda, analipwa au analipa kwa simu, gari inakwenda kubeba mzigo. Tulikuwa tunapata malalamiko kwamba gari haikuja na kwenye logi, yaani kumbukumbu ambazo mfumo unajiandikia, kila kitu kinaonekana sawa. Nikaomba ruhusa nikapanda Hiace mpaka Muheza, nikamwamkia mzee mmoja, akanikaribisha, akanionyesha anavyojaza. Sehemu ya saa ya kubeba mzigo ameandika 2:00. Sasa niambieni, hapa kwetu ni nani akisikia saa mbili ya kubeba machungwa atafikiria kitu kingine zaidi ya asubuhi? Ila mfumo ulisoma saa nane za usiku, dereva naye akiona saa nane usiku anajua hapa kuna kosa anasubiri apigiwe simu, mzee anasubiri gari, machungwa yanakaa juani. Hakuna testi, yaani jaribio la programu, ingelikamata hilo maana programu ilifanya vilevile ilivyoandikwa. Tukaweka vitufe, mtu anachagua kwanza asubuhi au mchana au usiku halafu saa kama tunavyoisema, ndani ya databesi, pale mfumo unapohifadhi taarifa, inakaa 08:00 na mkulima haimhusu.

Saa ina mtego mwingine, seva nyingi, yaani kompyuta zinazoendesha mifumo, zinatunza muda wa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko mbele masaa 3, kwa hiyo muamala wa Jumanne saa nane usiku kwenye seva bado ni Jumatatu saa tano usiku. Mhasibu akitoa ripoti ya siku haikubaliani na hesabu zake na anaanza kuwashuku watu wa dukani bure. Tunza UTC, hiyo ni sawa kabisa, ila ukikusanya mauzo ya siku geuza kwanza iwe saa ya Dar es Salaam.

Kwenye malipo mnivumilie niongee kirefu, kwa sababu chuoni sikufundishwa na ndiyo sehemu inayoumiza watu kweli. Mteja anabonyeza lipa, ombi linaenda kampuni ya simu, anaweka namba ya siri, pesa inakatwa, halafu jibu linapotea njiani kabla halijafika kwenu. Programu iliyoandikwa haraka inasema imeshindikana, mteja anabonyeza tena, anakatwa mara mbili, na huyo ni mama mwenye duka ambaye hiyo ndiyo hela ya kununulia mzigo wa kesho. Shikeni hili, ukikosa jibu maana yake hujui, haina maana kwamba imeshindikana. Weka hali ya tatu kwenye databesi yako, inasubiri. Kila malipo yape kumbukumbu namba moja, itengeneze na uihifadhi KABLA ya kutuma ombi, na ukirudia kutuma tumia namba ileile ili upande wa pili ujue ni jambo lilelile. Ila soma nyaraka za unayeunganisha naye, wapo wanaoiheshimu hiyo namba na wapo wasioiangalia, hao wa pili usirudie kabla hujawauliza hali ya muamala. Na jibu lenyewe linaweza kuja mara mbili, kwa hiyo na wewe ukipokea angalia kama ulishaliandika. Halafu kila jioni linganisha kumbukumbu zenu na taarifa ya miamala ya kampuni ya simu, mstari kwa mstari, programu iifanye na mtu aangalie zisizofanana. Kazi ya kuchosha lakini mimi naipenda kuliko kutengeneza kurasa nzuri, kwa sababu nikilala najua hakuna aliyedhulumiwa.

Pesa iweke kwenye namba nzima, usitumie namba za desimali za kompyuta, ukijumlisha 0.1 na 0.2 kwenye JavaScript unapata 0.30000000000000004. Na namba za simu mtu mmoja ataandika kwa kuanza na 0, mwingine 255, mwingine +255, zigeuze zote ziwe za aina moja pale zinapoingia, la sivyo mteja mmoja atakuwa wateja watatu.

Miezi ya mwanzo utasoma programu za wengine kuliko kuandika zako, usione unapoteza muda. Soma historia ya Git, chombo kinachotunza kila badiliko la programu, angalia mstari uliwekwa lini na kwa sababu gani, na jifunze git bisect mapema, ni amri ya Git ya kutafuta badiliko lililoleta kosa, yenyewe inagawa historia nusu kwa nusu, mabadiliko 1,000 unajaribu kama mara 10 tu unapata lililoleta shida. Kuuliza uliza, lakini mwambie sinia, yaani injinia mzoefu wa timu, umejaribu nini na umeona nini, atakusaidia kwa moyo.

Mtandao. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya kubahatisha nchi nzima. Anayefanya kazi mbali na ofisi awe na laini za mitandao miwili, nyaraka za lugha anayotumia ziwe kwenye laptopu, na awe na uwezo wa kuendesha mfumo wote kwenye mashine yake bila intaneti. Luku usisubiri ilie. Na hata programu unayoiandika ifikirie mtu wa bando dogo na simu ya zamani, huyo ndiye mteja wako.

Mshahara nao, maana vijana wengi wanashtuka mwezi wa kwanza. Ukiambiwa laki saba uliza ni kabla ya makato au baada. Kwa viwango vya 2024, kwenye 700,000 NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua 10% yaani 70,000, kodi inahesabiwa kwenye 630,000 iliyobaki inakuja 42,000, na kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wanakata 15% ya mshahara wa msingi, 105,000. Unabaki na 483,000. Ukiwa Tanga na unakaa nyumbani inakutosha na unasaidia wazazi, ukiwa Dar na chumba cha kupanga piga hesabu vizuri kabla ya kusaini. Kama ni mkataba wa kujitegemea hakuna anayekuwekea NSSF, jiwekee mwenyewe.

Wanasema Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, mimi nimekaa na sijutii, ila kufanya kazi nyumbani kuna upweke wake. Utaona hujatoka siku nzima, huongei na mtu isipokuwa kwenye kikao cha simu. Mimi jioni nachukua baiskeli naenda Raskazone, mji wetu tambarare unaendeshea baiskeli vizuri sana, na laptopu inabaki nyumbani. Pia kaeni na wazazi muwaeleze kazi yenu, mama yangu alikuwa akiniona kwenye kompyuta ananituma sokoni Mgandini katikati ya kikao akijua nachezea tu, siku nikamuonyesha jinsi mkulima wa Muheza anavyolipwa kupitia ule mfumo akaelewa, siku hizi anauliza kwanza mwanangu una kikao?

Na mkienda kwenye usaili, wao wakimaliza kuuliza na nyie ulizeni, je nitaruhusiwa kwenda kukaa na watu wanaoutumia mfumo? Wakisema hiyo ni kazi ya watu wa mauzo, uliza ni nani anapokea simu mteja akikatwa pesa mara mbili, na uombe huyo mtu ukae naye wiki yako ya kwanza.