Taa ya DPF ikiwaka, uliza safari kabla ya kushika spana

Kijana unayeanza gereji, siku yoyote utaletewa gari la dizeli: taa ya DPF (chujio la masizi kwenye eksozi) imewaka, nguvu hakuna, na mwenyewe ameshakata shauri. "Fundi, toa hilo dude, lioshe." Usikimbilie spana. Muulize kwanza gari linatembea wapi.

Mimi sikuuliza. Ilikuwa pikapu ya samaki, Kirumba mwaloni hadi Nyakato, hapo hapo Mwanza, na kurudi, kutwa. Nikafungua chujio, nikalipiga maji, nikafunga, nikalipwa. Wiki tatu baadaye ikarudi na taa ileile. Nilipovuta kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa imepanda juu ya alama. Oili haizaani.

Ndani ya lile kopo la eksozi kuna kauri yenye vijia kama sega la nyuki. Kijia kimoja kimezibwa nyuma, jirani yake kimezibwa mbele, kwa hiyo moshi lazima upenye ukutani na masizi yabaki. Sensa yenye vipira viwili hulinganisha presha ya kuingia na ya kutoka. Pengo likikua, kompyuta huamuru nozeli zinyunyize dizeli ya ziada. Dizeli hiyo huungua kwenye kataliti (kichocheo kilichopakwa ndani ya eksozi), joto la chujio hufika nyuzi 600 hivi, na masizi huteketea. Kazi hiyo huchukua kama dakika 20 za mwendo usiokatika.

Pikapu yangu ilikuwa inazimwa katikati ya kuchoma, kila mara. Dizeli isiyoungua iliteleza kwenye kuta za silinda ikaishia kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini. Nilimwaga oili yote, nikaweka mpya, nikaiamuru kompyuta ichome masizi gari likiwa limesimama. (Ukichomea gereji, ondoa majani makavu na matambara chini ya eksozi. Sitanii.)

Siku hizi naanza na vile vipira vya sensa, maana kimoja kikipasuka kompyuta inadanganywa, na bei yake ni ndogo. Halafu nozeli zinazovuja na tabo (turbo) inayopitisha oili. Ukiacha hizo, hata chujio jipya litajaa.

Kuosha kuna wakati wake. Viungo vya oili vina madini ambayo hayaungui, hubaki majivu, na hayo hayatoki ila chujio lifunguliwe. Ndiyo maana magari haya yanataka oili ya majivu kidogo, siyo ya kupima kwenye pipa. Ila maji ya presha kubwa yanabandua kataliti iliyopakwa ndani. Nililijua hilo nikiwa nimechelewa.

Wapo watakaokuomba ulitoboe chujio, moshi upite bila kuchujwa. Mimi nakataa: masizi yale yataishia mapafuni mwa mama wanaouza dagaa barabarani.

Mwenye pikapu nilimwambia kila wiki aitoe barabara ndefu. Sasa Jumapili anakwenda Magu kumsalimu mama mkwe, na anadai ni kwa ajili ya DPF.