Ukitaka Mtaa Utembee, Anza na Daftari

Mtu akinitafuta kuniuliza namna ya kuanzisha kikundi cha mazoezi mtaani kwake, humwambia asinunue chochote. Fulana zisubiri, spika isubiri, mgeni rasmi naye asubiri. Kwanza achukue daftari, apite kwa majirani, aulize siku yao huendaje tangu wanapoamka hadi wanapolala. Hapa Mombasa tumeona matembezi mengi ya afya ya Jumamosi moja. Barabara hujaa, picha hupigwa, na Jumamosi ya pili hakuna mtu. Waliokuja hawakuandikwa, basi hakuna anayejua walipotelea wapi.

Kikundi chetu kiko Kisauni, wengi wetu ni akina mama, na tumekuwa pamoja miaka kadhaa. Ninayoyasema hapa yametoka humo.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani, au 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na kazi za kutia misuli nguvu angalau siku 2. Watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku. Mwongozo huo ni wa 2020, na una badiliko ambalo kwa mitaa yetu ndilo kubwa: zamani dakika zilihesabika zikifululiza 10 au zaidi, siku hizi hata chache chache zahesabika.

Kuna mama mmoja wa makamo, jirani yangu. Nilipomuuliza kama hufanya mazoezi alicheka. "Mazoezi ni ya vijana, mwanangu. Mimi na magoti haya?" Nikaliacha neno mazoezi, nikamuuliza maji ayapata wapi. Mfereji uko chini, yeye akaa orofa ya tatu, na maji yakija huja alfajiri. Hujaza mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, akapanda, akashusha pumzi kwenye kona ya ngazi, akamimina kwenye pipa, akashuka tena, mpaka pipa lijae. Baadaye huenda sokoni Kongowea kwa miguu na kurudi na tuktuk kwa sababu ya mzigo. Tulipoandika dakika zake, dakika 150 za wiki alikuwa amezipita mbali. Simwambii ashukuru, shida ya maji ni shida na yafaa itatuliwe. Lakini mtu kama huyu ukimwita mvivu kwenye mkutano, humpati tena.

Tazama sasa kipimo kinavyoweza kumpoteza. Dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima shughuli za mwili lina maswali 16. Linaigawa siku katika kazi, na za nyumbani zimo, safari za miguu au baiskeli, na shughuli za kujifurahisha, kisha linauliza saa za kukaa. Ni zuri, nalitumia. Ila linauliza shughuli ya dakika 10 mfululizo, na ngazi za jirani yangu ni dakika chache kila safari. Kwa hiyo nauliza maswali kama yalivyo, halafu nina safu yangu pembeni ya vile vipande vidogo. Safu hizo mbili usizichanganye, maana siku utakayotaka kulinganisha mtaa wako na wengine utahitaji majibu ya dodoso peke yake.

Usimuulize mtu kama shughuli ilikuwa ya wastani au nzito, hatajua ajibu nini. Muulize kama aliweza kupiga gumzo huku akiifanya. Aliyeongea vizuri lakini asingeweza kuimba alikuwa kwenye wastani; aliyetoa maneno mawili matatu akatafuta pumzi, hiyo ni nzito. Kwetu kuna dada hupenda kuanzisha taarab njiani. Wakiimba wote mpaka kiitikio, twajua mwendo umelegea na twaongeza.

Simu za kuhesabu hatua hazikutufaa. Alfajiri wengi huziacha nyumbani wasije wakanyang'anywa, na anayebeba huitia mkobani. Halafu zile hatua 10,000 zinazotajwa kila mahali hazikutokana na utafiti: zilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Mtu wa hatua 3,000 akiambiwa namba hiyo hukata tamaa bure. Mizani nayo naikataa kabisa kwenye kikundi. Uzito hushuka polepole, na anayeona haya kupimwa mbele ya wenzake hukosa wiki ya kwanza, ya pili, basi.

Daftari letu lina siku, jina, dakika, na safu ya mwisho ya sababu ya kukosa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufundisha. Mimi ningedhani watu wangeandika uchovu. Wakaandika giza, bodaboda zinazopita mbio, watoto wa kuandaliwa shule, joto. Tukasogeza saa, tukaacha barabara kuu tukapita ndani ya mitaa, tukapangana wawili wawili ili anayetoka nyumba ya mbali apitiwe mlangoni. Ramadhani huwa tunaandika ukurasa wake peke yake, kwa sababu saa zote hubadilika na ukiichanganya na miezi mingine utadhani watu wametoroka.

Joto lisidharauliwe. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapahapa Mombasa, na Kenenisa Bekele, bingwa wa wakati huo, alijitoa njiani kwenye joto na unyevu wa hewa yetu. Kama yeye alishindwa, mama mwenye presha asitolewe saa nne asubuhi wakati wa kaskazi. Baada ya alfajiri au baada ya alasiri, maji mkononi, na mwenye presha au sukari amwone daktari kwanza.

Ukitaka kujua mahali pa wazi panatumika vipi, kama pale bustani ya Mama Ngina ufukweni, simama sehemu moja, pitisha macho kutoka kushoto hadi kulia, na uandike wanawake wangapi, wanaume wangapi, watoto, wazee. Nani amekaa, nani anatembea, nani anakimbia. Rudia saa ileile na siku ileile ya wiki, maana Jumapili jioni pale hailingani na Jumanne. Usiandike jina la mtu wala kupiga picha. Wawili mkihesabu kila mtu peke yake halafu mkalinganisha, mtajua kama mnaona kitu kimoja.

Na hizo hesabu zina kazi. Kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti kikiitishwa, ukisimama ukasema twataka taa, utakuwa mmoja kati ya wengi. Fungua daftari uonyeshe ni wangapi waliokosa kwa sababu ya giza, barabara gani, miezi gani. Peleka nakala kwa mwakilishi wadi pia, ubaki na ya kwako, na uandike tarehe na jina la aliyeipokea.