Kwa Mwanafunzi Anayeanza Kuchunguza Wanawake Walowezi wa Nyanda za Marekani

Ndugu unayeanza kuchunguza maisha ya wanawake waliolima Nebraska, Kansas na Dakota, nakushauri uanzie kwenye majalada ya ardhi. Sheria ya Makazi (Homestead Act) ya mwaka 1862 ilimruhusu mkuu wa kaya, au mtu aliyetimiza miaka 21, kuomba hadi ekari 160 za serikali kwa sharti la kuishi hapo na kulima kwa miaka 5. Mjane, mtalikiwa na msichana asiyeolewa waliweza kuomba kwa majina yao wenyewe. Aliyeolewa kwa kawaida hakuweza, kwa kuwa mumewe ndiye aliyehesabiwa mkuu wa kaya.

Hapo ndipo nilipopotea nilipoanza. Nilisaka majina ya wanawake, na kila jalada la mwanamume nililiweka kando nikidhani halinihusu. Nilichelewa kutambua kwamba katika ushahidi wa mwisho, yaani ule uliotolewa ili kupata hati ya kumiliki shamba, mwombaji na mashahidi wake wawili walipoeleza ukubwa wa nyumba na ekari zilizolimwa, maneno mafupi "mke na watoto" yalibeba kazi kubwa mno. Soma majalada hayo ukijiuliza ni nani aliyebaki kulinda makazi mume alipokwenda mbali kutafuta vibarua, maana kuondoka kwa zaidi ya miezi 6 kuliweza kuwapotezea shamba.

Kisha ijue kazi yenyewe. Miti ilikuwa adimu, hivyo nyumba ilijengwa kwa vipande vya udongo ulioshikamana na mizizi ya nyasi, na paa liliendelea kudondosha matope hata baada ya mvua kukatika, ndiyo maana mama alitundika kitambaa chini ya dari ili udongo usiingie chunguni. Kuni zake zilikuwa samadi kavu ya nyati, baadaye ya ng'ombe, ambayo aliiokota kwa aproni, akachochea moto, akanawa, akarudi kukanda unga, na moto ulipofifia akaanza upya. Siagi na mayai yake ndiyo yaliyobadilishwa dukani kwa sukari, kahawa na nguo. Nzige wa 1874 walipovamia, wanawake walifunika mboga kwa mablanketi, na nzige wakatafuna mablanketi.

Ukishayajua hayo, itazame picha ya mpiga picha Solomon Butcher ya mwaka 1886: dada wanne wa ukoo wa Chrisman, katika kaunti ya Custer, Nebraska, wamesimama mbele ya nyumba ya udongo pamoja na farasi wao. Utaona mengi ambayo mimi sikuyaona mara ya kwanza.

Tafadhali, usiandike kamwe kwamba ardhi ile ilikuwa tupu. Wanawake wa Kipawnee, watu wa asili wa eneo hilo, walilima mahindi, maharage na maboga kando ya mito Platte na Loup kwa vizazi vingi, hadi watu wao walipoondolewa Nebraska katika miaka ya 1870. Watafute nao, ingawa hutawakuta katika majalada ya ekari 160.