Nyama ya mkono mdomoni, inaishije? Majibu ya meseji zenu

Shikamoo dokta. Mama katolewa uvimbe wa ulimi, nyama ya kuzibia wamechukua mkononi, alafu mkononi wakaziba na ngozi ya paja. Kwanini hiyo ya paja isingeenda mdomoni moja kwa moja, tukapunguza kidonda? (Nkuhungu)

Marahaba. Ngozi ya paja ni kama pingili ya mzabibu, unaikata unaichomeka ardhini haina mizizi, siku mbili za mwanzo inaishi kwa unyevu inaofyonza pale chini mpaka mishipa midogo ya damu iungane nayo. Mkononi inakubali, pametulia na bandeji imebana vizuri. Mdomoni sasa, mate masaa yote, ulimi hautulii, shimo lenyewe kubwa, na ngozi hiyo ikipona inajikunja mtu anabaki na ulimi uliofungwa. Ile ya mkononi, wenyewe wanaita flapu, imekuja na mafuta yake na mishipa yake, ni mche uliohamishwa na bomba lake la maji. Bomba limekatwa lakini, kwahiyo linaungwa upya shingoni, mishipa ya milimita 2 au 3 inashonwa chini ya hadubini na uzi ambao ukidondoka sakafuni ndo basi. Hii ya mkononi walioanza ni Wachina, wakaichapisha 1981, mpaka leo wengine wanaiita flapu ya Kichina.

Na mkono haufi, maana kiganja kinalishwa na mishipa miwili mikubwa, unachukuliwa wa upande wa gumba, wa upande wa kidole cha mwisho unabaki. Kama kabla ya oparesheni walimfumbisha ngumi wakambana mkono wakawa wanaangalia kiganja kinarudi rangi au la, ndo walikuwa wanahakikisha hilo.

Nilikaa na kaka yangu wodini baada ya kuwekewa flapu, sista anakuja kila saa usiku, anabonyeza, saa ingine anachoma na sindano. Mtu mgonjwa haachwi alale? (Mpwapwa)

Asingekuja ndo ungelalamika. Kwanza kaka hasikii, neva za kile kipande zimekatwa. Pili, hatari kubwa iko siku 2 au 3 za kwanza, damu inaweza kuganda pale palipoungwa, na ikigundulika mapema mgonjwa anarudishwa theata wanafungua wanatoa bonge kipande kinapona, ila mkishtuka asubuhi kimelala hivyo tangu saa sita usiku mmeshachelewa.

Anachotafuta ni hivi. Akibonyeza kipande kinakuwa cheupe, akiachia rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3. Kikipauka, kikawa cha baridi, na sindano haitoi damu, basi damu haiingii. Lakini inayosumbua zaidi ni kinyume chake, damu inaingia ila haitoki, maana vena, ule mshipa unaorudisha damu, ina ukuta laini, kidogo tu imebanwa au imejikunja inaziba. Hapo kipande kinavimba, kinageuka bluu kwenda zambarau, ukibonyeza rangi inarudi haraka mno, ukichoma inatoka damu nyeusi. Ndugu wengi wakiona hivyo wanafurahi, "damu ipo nyingi!" Ni nyingi kwa sababu imekwama, kama sinki iliyoziba.

Kwahiyo na nyie msaidie, shingo isigeuziwe upande ulioshonwa, na kamba ya ule mrija wa kupumulia shingoni isikazwe, nimeshaona kamba inalegezwa na rangi inarudi. Na ile baridi ya Dodoma ya Juni na Julai usiichezee, mwili ukipoa mishipa inajibana. Blanketi muhimu kuliko maua.

Nimeona video ruba wamewekwa kwenye ulimi wa mtu unaovimba. Tunaweza kwenda kuokota bwawani Hombolo? (Ipagala)

Hapana, tafadhali. Video ni ya kweli, Marekani waliwaruhusu kama kifaa cha tiba mwaka 2004, kazi yao ni hiyohiyo ya vena iliyoziba, ananyonya damu iliyokwama na mate yake yanazuia damu kugandana mpaka mishipa mipya iote. Ila hao wanafugwa maalum, na hata hao wana bakteria tumboni, mgonjwa lazima apewe antibayotiki. Wa bwawani waacheni na ng'ombe.

Babu ana oparesheni ya taya, sigara kaacha miaka mingi ila ugoro haachi, anasema ugoro hauna moshi. (Bahi)

Mshipa haujali moshi, unajali nikotini, na ugoro umejaa nikotini, ndo inayobana mishipa midogo ile ile tunayoitegemea. Aache wiki 4 kabla, na baada asirudie, hasa kama anauweka mdomoni maana huo wenyewe unaleta kansa ya mdomo. Najua kumnyang'anya mzee wa Kigogo kopo lake la ugoro ni ugomvi wa familia, msimtume mjukuu, aende dada yake mkubwa.

Baba alizibwa na nyama ya kifua, sasa anaota nywele mdomoni! Ni kansa imerudi? (Kongwa)

Hapana, ni kifua chake. Nyama hiyo hawaikati mshipa, inapitishwa chini ya ngozi ya shingo ikiwa bado inalishwa kutoka chini ya mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua unaoenda begani, inafanyika hivyo tangu 1979 na ni mkombozi pale ambapo hamna hadubini. Ngozi iliyopanda nayo haijui kama imehama, inaendelea na nywele zake. Akipigwa mionzi huwa zinapungua. Zikimkera kliniki wanazipunguza kwa mkasi, ila wembe nyumbani asithubutu, hasikii pale, atajikata bila kujua.