Kamisheni ya ngazi: asilimia 5 ya mauzo yote, au ya kiasi kilichozidi?

Ndugu mwuliza swali, umeeleza kwamba muuzaji wenu hulipwa kamisheni ya asilimia 2 kwa mauzo ya mwezi yasiyozidi shilingi milioni 10, asilimia 3 akivuka hapo, na asilimia 5 akivuka milioni 25, nawe ukaandika fanksheni ya vipande vitatu, m ikiwa mauzo ya mwezi: 0.02m, 0.03m na 0.05m. Unashangaa kwamba aliyeuza milioni 25 kamili anapata 750,000, ilhali aliyemzidi kwa shilingi moja anapata 1,250,000 na senti kidogo. Hukukosea kuzidisha. Kwa maoni yangu, kilichokosewa ni namna mkataba ulivyosomwa.

Niliwahi kuwa karani wa hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, na mkataba wetu ulikuwa na sentensi kama hiyo yenu: atakayevuka milioni 25 atalipwa asilimia 5. Hakuna aliyeuliza ni asilimia 5 ya nini. Mwajiri alielewa kuwa ni ya kiasi kilichozidi, wauzaji wakaelewa kuwa ni ya mauzo yote, nami nikatengeneza jedwali kwa uelewa wa wauzaji bila kumuuliza yeyote. Siku ya malipo yalizuka mabishano makali. Nilipozipitia ankara baadaye niliona jambo lililoniuma zaidi: muuzaji aliyekuwa karibu na mstari alikuwa amewasihi wateja wachukue saruji ya mwezi unaofuata mapema ili avuke, na waliojua kuwa hawataufikia walikuwa wamezuia ankara zao hadi tarehe mosi. Shilingi moja inapobeba malipo ya laki tano, watu huacha kutafuta wateja na kuanza kupanga tarehe.

Mfano wa kuelewa usomaji wa pili, ule wa kiasi kilichozidi, tunao sote kwenye hati za mshahara. Kodi ya PAYE ya Tanzania Bara, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, haitozi chochote kwenye shilingi 270,000 za kwanza za mwezi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8 ya kilichozidi 270,000. Hadi 760,000 ni 20,000 jumlisha asilimia 20 ya kilichozidi 520,000, na kuendelea. Hiyo 20,000 ni asilimia 8 ya 250,000, yaani kodi yote ya ngazi iliyotangulia. Ndiyo sababu si kweli, ingawa nimelisikia mara nyingi, kwamba nyongeza ndogo ya mshahara inayomvusha mtu ngazi inaweza kumpunguzia anachopeleka nyumbani kwa sababu ya kodi hiyo.

Kamisheni yenu ikisomwa hivyo, K(m) ni 0.02m pale m isipozidi milioni 10. Ni 200,000 + 0.03(m − 10,000,000) kutoka hapo hadi milioni 25. Na ni 650,000 + 0.05(m − 25,000,000) kwa zaidi ya hapo. Namba 200,000 na 650,000 hazikuchaguliwa: kila moja ni thamani ya kipande kilichotangulia kwenye mpaka wake. Jaribu m = 25,000,000 katika kipande cha pili na cha tatu, utapata 650,000 kote kuwili. Vipande vikikutana namna hiyo, haijalishi alama ya usawa umeiweka upande upi wa mpaka. Visipokutana, alama hiyo peke yake huamua laki kadhaa za mtu, kwa hiyo mkataba lazima uitaje.

Kwenye Excel sikushauri kupachika IF ndani ya IF, kwa kuwa siku viwango vinapobadilika ni rahisi kusahau kurekebisha ile 650,000. Mimi huandika nyongeza ya kiwango kwenye kila mpaka, mauzo yakiwa katika A2:

=0.02*A2 + 0.01*MAX(0,A2-10000000) + 0.02*MAX(0,A2-25000000)

Asilimia 1 ni tofauti ya 3 na 2, na asilimia 2 ya mwisho ni tofauti ya 5 na 3. Kabla ya hapo, kubalianeni kama A2 ni mauzo bila VAT na baada ya kuondoa bidhaa zilizorudishwa. Sisi tulilikumbuka hilo tukiwa tumeshalipa.

Mwajiri akisema alikusudia mauzo yote, fanksheni yako ya kwanza ni sahihi, na mruko huo ni wa mkataba wenyewe. Mpelekee mfano mmoja tu, wa mauzo ya milioni 30, yanayotoa 1,500,000 kwa usomaji wa kwanza na 900,000 kwa wa pili, kisha mwombe aandike kwenye mkataba, mbele ya wauzaji, ni kipi kati ya hivyo atakacholipa.