Masaa 30 ya bure, na bili ya pauni 480

Juzi saa sita usiku msomaji mmoja, binti wa Kitanzania anayeishi Birmingham, kaniandikia: "Dada, kwani hayo masaa 30 ya kulelewa mtoto si bure? Mbona nimeletewa bili?" Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko cha mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka huyohuyo. Nikamwambia jibu ni refu, nitaliandika.

Mimi natunza wazee hapa Leicester, baba watoto yuko ghalani, wote kazi za zamu. Bibi yake mtoto yuko Tanga, kwa hiyo habari ya kumwachia bibi haipo. Binti yetu alitimiza miezi tisa Julai 2025, nami nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini, maana Septemba ileile serikali ilikuwa inaanza kulipia masaa 30 kwa wiki ya nasari, yaani kituo cha kulelea watoto wadogo, kwa watoto wa England kuanzia miezi tisa, wazazi wakiwa kazini. Mpango wenyewe Jeremy Hunt, waziri wa fedha wa wakati huo, aliutangaza kwenye bajeti ya Machi 2023, hata mimba sina. Nikamwambia mume wangu, huyu kaja na riziki yake.

Riziki nikaikosa kwa kuchelewa siku nne. Nasari hawapokei maneno matupu, wanataka namba ya tarakimu 11 unayopewa ukishajaza fomu ya serikali mtandaoni. Kwa anayeanza Septemba, namba iwe imetoka kabla Agosti haijaisha. Mimi nilijaza tarehe 4 Septemba, nimetoka zamu ya usiku, sare bado mwilini, chai inapoa pembeni. Dakika ishirini, imekwisha. Meneja wa nasari akaitazama ile namba, akaniambia kwa ule upole wao kwamba itaanza kazi Januari.

Miezi minne tukalipa bei kamili: pauni 80 kwa siku, siku tatu kwa wiki, 1,020 kwa mwezi. Mume wangu hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu. Kila mwisho wa mwezi alikuwa ananiuliza tu, "Wameshakata?" kisha anarudi kwenye simu yake.

Januari ikafika, nikasubiri bili ya sifuri. Ikaja ya 480. Nikadhani wamekosea, nikaenda na simu mkononi kama mtu anayekwenda kudai chenji dukani. Hawakukosea. Hayo masaa 30 ni ya wiki 38 tu, zile za muhula wa shule, jumla 1,140 kwa mwaka. Nasari yetu iko wazi wiki 51, kwa hiyo wanayasukuma kama chapati mpaka yatoshe mwaka mzima, na kwa wiki yanabaki 22, chembe ukiziacha. Mwanangu anakaa masaa 30. Manane yaliyobaki ni juu yangu, pauni 8.50 kila saa, wakati mwanzo saa ilikuwa 8. Hiyo ni 68 kwa wiki. Chini yake mstari mwingine: "huduma za ziada", pauni 15 kwa siku. Piga hesabu ya mwaka, gawa kwa miezi 12, utaipata hiyo 480.

Nilikasirika, sitaficha. Lakini nikikaa nikitafakari, nasari nayo nimeielewa nusu. Kwa masaa ya bure inalipwa na serikali kupitia kaunsili, yaani halmashauri ya eneo, kwa bei isiyoipanga yenyewe, na sheria inaikataza kunidai tofauti juu ya masaa yaleyale. Huku Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kilipanda hadi pauni 12.21 kwa saa, na mchango wa bima ya taifa anaotoa mwajiri ukafika asilimia 15. Pengo linazibwa wapi? Kwenye masaa ya kulipia, kwenye chakula na kwenye nepi. Serikali inasema bure, na anayekabidhiwa bili ni mama.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, na wengine wenye aibu kama niliyokuwa nayo. Hizo za ziada ni hiari. Hawawezi kukunyima masaa yako kwa sababu umekataa kulipia chakula chao. Omba bili iliyochambuliwa mstari kwa mstari. Mwongozo wa serikali unataka iwe hivyo tangu Januari 2026. Mimi niliomba kwa barua pepe, mkono unatetemeka, maana tumelelewa tuone kuuliza bei ya kitu cha mtoto ni ubahili. Wakaniandikia: chakula 9, nepi na vitambaa 2, shughuli 4. Nikasema chakula na nepi nitaleta mwenyewe. Bili ikashuka hadi 340.

Namba uliyopewa uithibitishe upya kila miezi mitatu, weka kengele kwenye simu. Mimi zangu ziko tatu, ya tatu inamlilia baba watoto. Akaunti ya serikali ya malezi nayo uifungue, ukiweka pauni 8 wanaongeza 2, mwisho 500 kwa kila miezi mitatu kwa mtoto mmoja, ila haichanganyiki na Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo. Na kama viza zenu zimeandikwa hakuna msaada wa umma, msijaze fomu ya wazazi wanaofanya kazi kabla ya kuuliza kaunsili. Yale masaa 15 ya mtoto wa miaka mitatu na minne hayaangalii viza, anayapata kuanzia muhula unaofuata baada ya kutimiza mitatu. Usiogope kuuliza. Uliza tena. Wakikujibu kwa mdomo, waombe waandike.

Siku ya kwanza nilimfungia wali wa nazi na samaki niliyemchambua miiba mara mbili, kwenye kopo lenye jina lake. Jioni mwalimu akanirudishia kopo tupu, akauliza ule wali umewekwa nini. Ile pauni 4 ya shughuli bado tunavutana. Nimeuliza ni shughuli gani za mtoto wa mwaka mmoja na nusu, wameahidi kunijibu wiki ijayo.